Mtoto Mmoja, Vitabu Vitatu: Uhakiki wa Istilahi za Kumbukumbu za Hospitali na za Ulinzi wa Mtoto

Utangulizi

Tumfikirie mtoto wa kike wa miaka minne, mkazi wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Butiama. Mtoto huyu hayupo. Tumemtunga ili atusaidie kueleza jambo. Mwezi Machi analetwa kwenye zahanati ya kijiji akiwa ameungua mkono, na mganga anaandika kitabuni: "Ajali ya moto." Mwezi Juni, akiwa amepelekwa kukaa na shangazi yake Bunda, anafikishwa hospitali akiwa amevunjika mkono uleule, na karani anaandika: "Ameanguka." Mwezi Agosti bibi yake anafunga safari hadi Musoma, anakofanya kazi baba wa mtoto, kumlalamikia mkwewe mbele ya afisa ustawi wa jamii, naye afisa anaandika: "Shauri la matunzo." Vitabu vitatu, mtoto mmoja. Kila mwandishi ameandika alichokiona na alichoambiwa, wala hatuna haki ya kumlaumu hata mmoja wao. Lakini hakuna aliyemwona mtoto mzima.

Siku hizi wataalamu wa afya na wa ustawi wa jamii katika nchi nyingi wanasema kwamba dawa ya jambo hili ni kuzifanya kumbukumbu za hospitali na zile za ulinzi wa mtoto zisomwe pamoja. Nasi tunakubali. Walakini, mazungumzo ya jambo hili nchini mwetu huelekea upesi kwenye mitambo: kompyuta ngapi, mtandao gani, fedha kutoka wapi. Makala haya yana kusudi jingine. Tunataka kuonyesha kwamba hata kama mitambo yote ingepatikana kesho asubuhi, vitabu vitatu vya mtoto wetu visingekutana, kwa sababu maneno yaliyomo hayakutani. Kazi ya istilahi hapa hutangulia kazi ya mitambo.

Historia yatupa ushahidi kwamba jina la kitu lina nguvu. Mwaka 1946 daktari wa picha za eksirei huko New York, John Caffey, aliandika juu ya watoto wachanga waliokuwa na damu iliyovia juu ya ubongo na wakati huohuo mifupa mirefu iliyovunjika, bila maelezo ya kutosha ya chanzo chake. Picha zilikuwapo, jina lililokubaliwa na wote halikuwapo. Mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake, walioongozwa kutoka Denver, waliipa hali hiyo jina lililomtaja mtoto aliyepigwa. Ilipofika mwaka 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yametunga sheria za kutoa taarifa za watoto wa namna hiyo. Hatusemi kwamba jina peke yake lilifanya kazi hiyo. Twasema tu kwamba kisichokuwa na jina hakina safu katika kitabu, na kisicho na safu hakihesabiwi.

Kuunganisha, kulinganisha au kukutanisha?

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Neno linalotumika zaidi ni "kuunganisha": kuunganisha taarifa, kuunganisha rekodi, kuunganisha mifumo. Kwa upande wa mifumo ya kompyuta hatuna ugomvi nalo, maana hapo nyaya na programu huungwa kweli. Kwa upande wa kumbukumbu za watu neno hili lina kasoro. Kilichounganishwa huwa kitu kimoja. Mbao mbili zikiungwa hupatikana ubao mmoja. Vyama viwili vikiungana huzaliwa chama kimoja. Afisa wa hospitali asikiapo kwamba kitabu chake "kitaunganishwa" na kile cha ustawi wa jamii, huelewa kwamba vitabu vyote viwili vitakuwa kimoja, na kwamba kila mwenye ufunguo wa kimoja atakisoma na cha pili. Ndipo huanza kukataa, na kukataa kwake si ukaidi: ana wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa.

Wazo la kitabu kimoja lina umri mkubwa. Mwaka uleule wa 1946, mtakwimu wa Marekani Halbert Dunn alifananisha kumbukumbu za mtu, tangu kuzaliwa hadi kufa, na kurasa za kitabu cha maisha yake, na kazi ya kuzileta pamoja akaifananisha na kujalidi kitabu hicho. Ni mfano mzuri, ila mtoto aliyeumizwa na mtu wa nyumbani mwake hahitaji kitabu kilichojalidiwa na kuachwa mezani. Anahitaji kurasa chache tu zionane, mbele ya mtu mwenye mamlaka, kwa muda unaohitajika.

Mkoa wa Mara wenyewe unatupa neno. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari hupita Bunda, na mbele yake ipo Makutano, mahali njia ya kwenda Musoma na njia ya kwenda Butiama zinapoachana na barabara kuu. Njia hizo hazikuunganishwa zikawa njia moja. Kila moja ina mwanzo wake na mwisho wake. Zimekutana, kisha kila moja imeshika safari yake. Kwa hiyo twapendekeza kwamba kazi hii iitwe "kukutanisha kumbukumbu", na jina lake liwe "ukutanishaji wa kumbukumbu".

Maneno mengine mawili yabaki na kazi zake. "Kulinganisha" liwe jina la hatua ya kwanza, ambapo jina, umri na kijiji cha mtoto katika kitabu kimoja hupimwa na vile vya kitabu cha pili ili kujua kama ni mtoto yuleyule. "Kuunganisha" libaki kwa mitambo. Hivyo tutasema: mifumo imeunganishwa, majina yamelinganishwa, kumbukumbu zimekutanishwa. Hatua tatu, maneno matatu, na kila mtumishi atajua ni ipi anayotakiwa kuiruhusu.

Aidha, neno "kumbukumbu" halionyeshi idadi: ni ya mtoto mmoja siku moja, au ni kitabu kizima? Watunga kamusi wanalo neno "ingizo", nalo lafaa hapa. Kitabu kina maingizo. Mtoto wetu ana ingizo moja katika kila kitabu.

Jina la mtoto na tahajia yake

Kulinganisha huanzia kwenye jina, na hapa Mara inatufundisha mengi. Mkoani humu wanaishi Wakurya, Wajita, Wazanaki, Wakwaya, Waikizu, Waluo na wengine, kila watu na majina yao. Jina la kike la Kikurya laweza kuandikwa Bhoke au Boke, Ghati au Gati, Rhobi au Robi. Karani aliyezoea tahajia ya Kiswahili sanifu, isiyo na "bh" wala "rh", hufuta herufi moja akidhani amesahihisha. Mwenzake, aliyezaliwa Tarime, huiacha. Kwa macho ya mtambo hao ni watoto wawili. Kwa upande mwingine, majina kama Chacha, Mwita na Marwa ni mengi kiasi kwamba watoto wawili tofauti waweza kuonekana mmoja.

Mtu asidhani kwamba mitambo ya nje itatutatulia jambo hili. Mwaka 1918 Robert Russell wa Marekani alipewa hataza ya njia ya kuyapa majina alama kwa kufuata sauti zake, na mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake wa Kanada waliitumia njia ya jinsi hiyo kukutanisha kumbukumbu za ndoa na za uzazi za jimbo la British Columbia kwa kompyuta. Njia hiyo huiacha herufi ya kwanza ya jina, hufuta irabu pamoja na herufi h, w na y, kisha huzipa konsonanti zilizosalia namba. Kwa Bhoke na Boke yatufaa, maana h hufutwa. Lakini majina yetu hutegemea sana irabu. Kwa njia hiyo jina Marwa na jina la mkoa, Mara, hupata alama moja! Tena Robi akiandikwa Lobi, kama itokeavyo kwa wasemaji wengi wa lugha za ukanda wa ziwa, huhesabiwa mtu mwingine kabisa, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi. Wanaisimu wetu wanayo kazi ya kufanya hapa, nayo haiwezi kuagizwa kutoka nje.

Kisha majina hubadilika. Mfano ulio maarufu kuliko yote umetoka Butiama kwenyewe. Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922 na akaitwa Kambarage. Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Mtu angetafuta jina la Julius katika daftari la shule la mwaka 1934 asingelipata. Kama mtoto wa mtemi aliweza kuwa na majina mawili katika miaka kumi, itakuwaje kwa mtoto wa mkulima anayeitwa kwa jina la nyumbani zahanati, kwa jina la ubatizo shuleni, na kwa jina la babu yake hospitali?

Hata safu iitwayo "Jina la baba" yahitaji kufikiriwa. Ipo mkoani desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mwenye mali humwoa mwanamke mwenziwe ili apate watoto wa nyumba yake. Mtoto wa nyumba hiyo ni wa yule mwenye kuoa. Karani mmoja ataandika jina la mwenye nyumba, mwingine ataandika jina la mwanamume aliyemzaa mtoto, wa tatu ataacha wazi. Twapendekeza safu mbili badala ya moja: "Mzazi aliyemzaa" na "Mwenye kumlea sasa". Kwa ulinzi wa mtoto safu ya pili ndiyo yenye uzito, maana mlezi ndiye anayejua mkono uliungua vipi.

"Ajali": neno linalofunga kitabu

Tumefika kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, linadhuru kuliko yote, ingawa ni neno zuri na la zamani. "Ajali" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni muda uliowekwa, siku iliyoandikwa. Ndiyo sababu twasema ajali haina kinga. Neno hili halitaji tukio tu. Linatoa na hukumu, yaani kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mganga aandikapo "ajali ya moto" katika safu ya chanzo, ameandika mambo mawili: kwamba mtoto ameungua, jambo aliloliona, na kwamba hakuna aliyemwunguza, jambo ambalo hakuliona. La pili limeingia kwa mlango wa neno.

Kinyume chake nacho hakifai. Mganga akiandika "amechomwa", amemhukumu mtu ambaye huenda hana kosa. Uji wa moto humwagika kweli, na watoto huanguka kweli. Lugha yetu ina utajiri wa kauli za vitenzi, lakini utajiri huo ni mtego kwa mwandishi wa kumbukumbu: "ameungua", "ameunguzwa" na "amejiunguza" ni mashitaka matatu tofauti yaliyofichwa katika kitenzi kimoja.

Njia ya kutoka ni kutenga safu tatu. Ya kwanza, "Jeraha lililoonekana": mahali lilipo, ukubwa wake, na kama yapo makovu ya zamani. Ya pili, "Chanzo kama kilivyoelezwa", pamoja na jina la aliyeeleza: mtoto, mama, mjomba, jirani. Ya tatu, "Je, maelezo yanalingana na jeraha?" yenye majibu matatu tu: yanalingana, hayalingani, haijulikani. Caffey hakumwona mtu yeyote akimpiga mtoto. Alichoona ni kwamba maelezo na mifupa havikulingana. Karani au mganga wetu naye hatakiwi kuona zaidi ya hayo. Anatakiwa tu apewe mahali pa kuyaandika.

Hapo ndipo maingizo ya mtoto wetu yangezungumza. "Haijulikani" ya Machi, "hayalingani" ya Juni na malalamiko ya bibi ya Agosti, yakikutana, yangemfanya afisa ainuke kitini. "Ajali", "ameanguka" na "matunzo" yakikutana hayasemi neno.

Neno jingine la jamii hiyo ni "adhabu". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso na adhabu za kumdhalilisha mtoto, lakini haikuondoa kila namna ya kumrudi mtoto. Inapima kama adhabu ilizidi kiasi. Kanuni za elimu za mwaka 2002 nazo zinaruhusu viboko shuleni kwa masharti. Kwa hiyo aandikaye "aliadhibiwa" amekwisha kukata shauri kwamba palikuwa na kosa na kwamba kipigo kilikuwa halali. Na aandike "alipigwa kwa fimbo", aseme ni nani aliyeeleza hivyo, na aiachie sheria kazi ya kupima.

Ukatili, unyanyasaji, utelekezaji

Sasa tuingie katika istilahi za jambo lenyewe. Mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uliojulikana kwa ufupisho wa MTAKUWWA na kuanza mwaka 2017/18, umekwisha kulisimika neno "ukatili" kama mwavuli. Hatupendekezi kuliondoa, istilahi iliyokwisha kuenea hadi kwenye kamati za vijiji haing'olewi kwa makala. Lakini yafaa tujue mwavuli huu unafunika nini na unaacha nini kwenye mvua.

"Katili" kwa msikiaji wa kawaida ni mtu asiye na huruma, mwenye damu mikononi. Mama aliyemwacha mtoto siku nzima bila chakula kwa kuwa amekwenda kuuza dagaa mwaloni haonekani katili, wala mwenyewe hajioni hivyo. Matokeo yake ni kwamba karani hatalitumia neno "ukatili" kwa mtoto aliyekonda, hata kama orodha ya serikali inamtaka alitumie. Basi hutafuta neno jingine, nalo huwa "utelekezaji".

Hapa pana kosa la pili. Kutelekeza ni kuondoka na kuacha. Baba aliyehamia mjini asirudi ametelekeza. Baba anayelala nyumbani kila siku, mwenye ng'ombe zizini, na mtoto wake hana dawa, hakutelekeza, yupo palepale. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, katika toleo lake la 10, imeyaweka mambo haya mawili chini ya alama moja, T74.0, na wafasiri wetu wakitafuta neno moja kwa alama moja wameyameza yote kwa "utelekezaji". Lakini Sheria ya Mtoto haikuyachanganya. Inamtaka mwanajamii atoe taarifa juu ya mzazi au mlezi mwenye uwezo ambaye hata hivyo anakataa au anapuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Maneno "mwenye uwezo" ndiyo kiini. Yanatenga ufukara na kosa.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu. "Ukosefu wa matunzo" ni hali ya mtoto asiyepata anachohitaji, bila kutaja wa kulaumiwa. Hii ndiyo ya kuandikwa hospitali. "Kunyimwa matunzo" ni tendo la mlezi mwenye uwezo asiyetoa. Hili huandikwa na ustawi wa jamii baada ya kuchunguza nyumba. "Kutelekezwa" ni kuachwa. Familia iliyo katika ukosefu yahitaji msaada; iliyo katika unyimaji yahitaji sheria. Neno moja likizibeba zote mbili, ama maskini watafikishwa mbele ya sheria, ama wanyimaji watajificha nyuma ya maskini.

Kasoro ya tatu ni ya wafasiri moja kwa moja. "Ukatili wa kijinsia" limetumika kwa maana mbili: ukatili unaomfika mtu kwa sababu ya kuwa mwanamke au mwanamume, na ukatili wa kumwingilia mtu au kumchezea mwili wake. Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa aina hiyo ya pili kabla ya kufika miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya vijana wa jinsia zote mbili walikuwa wamepigwa au kuumizwa. Idadi hizi zikitajwa chini ya kichwa "kijinsia", msomaji hajui zinahusu nini. Katika daftari la dawati la jinsia na watoto, mke aliyepigwa na mtoto aliyebakwa waweza kukaa chini ya kichwa kimoja. Neno "ukatili wa kingono" lipo, ni wazi, na lafaa litumike kwa maana ya pili bila haya. Haya ya mwandishi isiwe hasara ya mtoto.

Kuhusu ukeketaji, lugha imekwisha kufanya kazi yake vizuri. Zamani iliandikwa "tohara ya wanawake", na tohara ni usafi. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Na tangu mwaka 1998 sheria imelifanya kosa la jinai tendo hilo kwa msichana wa chini ya miaka 18. Kubadili neno hakukufuta desturi, lakini kumeondoa pongezi iliyokuwa ndani ya jina. Hatari iliyobaki ni ya daftari: msichana aletwaye usiku akiandikwa "kutokwa damu" tu, ukeketaji haumo kitabuni.

Tunayasisitiza haya kwa sababu nchi zilizotangulia zimekutana nayo. Mwaka 2012 wataalamu waliolinganisha takwimu za Uswidi, Uingereza, New Zealand, Australia Magharibi, jimbo la Manitoba la Kanada na Marekani walilazimika kutenga vipimo vya vifo, vya kulazwa hospitali na vya idara za ulinzi wa mtoto. Kila kipimo kilikuwa na hadithi yake. Hospitali huona jeraha. Ustawi huona nyumba. Istilahi zisilazimishe vyote viwili kusema jambo moja. Ziwezeshe kila kimoja kusema lake kwa neno ambalo mwenziwe analielewa.

Kubaini au kushuku? Kesi au shauri?

Husemwa kwamba ukutanishaji wa kumbukumbu "utabaini" watoto waliotendewa ukatili. Neno hili ni zito mno. Kubaini ni kuweka wazi pasipo shaka. Kumbukumbu zilizokutana hazibaini, zinaonyesha dalili. Anayebaini ni mtu, baada ya kufika, kuuliza na kupima. Na anayethibitisha ni mahakama. Twashauri ngazi tatu: "dalili" kwa kilichomo kitabuni, "ubainishaji" kwa uchunguzi wa ustawi na wa mganga, na "uthibitisho" kwa hukumu.

Wengine hukwepa uzito huo kwa kusema "mtoto anayeshukiwa". Tulisome tena neno hili: kwa sarufi yetu anayeshukiwa ni mtoto! Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kutenda kosa. Afadhali tuseme "mtoto wa kufuatiliwa", ambalo halimtuhumu yeye wala mzazi wake, na linamkumbusha mtumishi kwamba kazi bado.

Vilevile "kesi". Katika ofisi limekuwa neno la kila siku: kesi mpya, kesi ya mtoto. Kwa mwananchi kesi ni polisi na mahakama. Mama anayesikia dirishani kwamba "kesi ya mtoto wako ipelekwe Musoma" aweza kumfunga mtoto mgongoni akaondoka kabla ya dawa, na asirudi tena. Neno "shauri" ni bora. Ni kweli kwamba mahakama nazo hulitumia, lakini shauri pia ni ushauri, na mtu huitwa shaurini bila hofu. Kesi na iwe ya mahakamani tu.

Siri ya nani?

Mwisho, neno "siri". Mafaili haya hupigwa muhuri wa siri, na ni haki. Lakini neno hilohilo ndilo aambiwalo mtoto na yule anayemdhuru: hii ni siri yetu. Ndilo pia waambizanalo wakubwa: siri ya nyumba haitoki nje. Neno moja linamlinda mtoto na linamlinda mdhalimu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inatulazimisha tuwe waangalifu zaidi. Tutumie "faragha" kwa haki ya mtoto na ya familia, "usiri" kwa wajibu wa mtumishi, na "kuficha" kwa kitendo cha kunyamazia madhara. Mganga anayetoa taarifa kwa afisa ustawi hakuvunja usiri. Anayenyamaza ndiye aliyeficha.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunayoyaleta mbele ya wasomaji ni haya:

1. Mifumo huunganishwa, majina hulinganishwa, kumbukumbu hukutanishwa. Na kila moja yake iitwe ingizo.
2. Safu ya chanzo isiandikwe "ajali" wala "adhabu", bali "chanzo kama kilivyoelezwa", pamoja na aliyeeleza.
3. Ukosefu wa matunzo, kunyimwa matunzo na kutelekezwa yawe mambo matatu.
4. Ukatili wa kijinsia na ukatili wa kingono yawe mambo mawili.
5. Dalili, ubainishaji na uthibitisho ziwe ngazi tatu. Naye mtoto aitwe wa kufuatiliwa, wala si wa kushukiwa.
6. Faragha, usiri na kuficha yasibebwe na neno "siri" peke yake.

Hatudai kwamba maneno haya hayana kasoro. "Ukutanishaji" ni refu, na "kunyimwa matunzo" huenda walimu wakapata lililo zuri zaidi vijijini. Tutalipokea kwa furaha. Tunachodai ni kwamba yajaribiwe katika vitabu vya kazi, maana istilahi isiyoandikwa na karani mwenye foleni mlangoni haijawa istilahi bado. Wafasiri wa fomu, wakumbukeni hao makarani. Walimu, mnaowapokea watoto kila asubuhi, mkiandika barua kwa ofisi ya ustawi, andikeni mlichoona na mlichoambiwa, kila kimoja mahali pake. Watumishi wa afya na wa ustawi, tuleteeni maneno mnayoyatumia nyinyi wenyewe.

Mtoto tuliyemtunga mwanzoni hayupo. Lakini zahanati zipo, Bunda ipo, Musoma ipo, na vitabu vipo wazi juu ya meza vikisubiri kuandikwa.